Mapafu Yangu kwa Jina la Kaka

6 Januari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mama hajambo, isipokuwa masikio. Sasa simu anaiweka sauti ya juu kabisa na mtaa mzima unasikiliza mambo yetu. Mke wangu amerudi kwenye darasa lake la chekechea na analalamika kwamba likizo imewasahaulisha watoto hata kuvaa viatu. Mimi kiwandani nimekuta mashine ya kukata karatasi imewekwa kisu kipya. Nimeshinda nakipima na kukirekebisha, wenzangu wananicheka, "Rula kaoa mke wa pili."

Sasa jambo lenyewe. Kaka, sijazoea kuwa wewe. Tangu ile siku ya kipimo naamka na aibu. Nililala kwenye ile mashine ya picha za kifua kwa jina lako, na maswali yote nikayajibu kama ulivyonifundisha: pakiti moja kwa siku, miaka ishirini na tano, msimamizi wa mashine ya kusaga kokoto. Yule muuguzi alinishika mkono akasema, "Baba, acha hizi sigara, bado una watoto." Nikamwahidi nitaacha. Mimi ambaye moshi wa mshumaa tu unaniliza.

Hoja zako nazikumbuka. Kampuni ikiona kifua kibaya inamshusha mtu kwenye mashine, na wewe umebakiza miaka michache ustaafu. Mimi nina kifua cha mtoto mchanga, sura zetu moja, picha itoke safi, mambo yaishe. Nilikubali kwa sababu ni wewe. Lakini kile kikohozi nilichokuwa nakisikia kupitia ukutani likizo nzima si cha kufanyia mzaha. Kipimo kile kimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe, waliovuta miaka mingi, ili kitu kikamatwe kingali kidogo. Nenda hospitali nyingine, kimyakimya, kwa jina lako mwenyewe. Na majibu ya Desemba yakitoka uniambie, niliondoe jambo hili kichwani.

Jibu mpe dereva wa lori la kokoto, anapita huku kila wiki.

Msalimie sana shemeji.

Mdogo wako.


2 Februari

Rula, bwana mdogo,

Marahaba. Huku sote wazima. Shemeji yako ameipaka sebule rangi ya kijani, nikikaa kutazama mpira najiona niko ndani ya parachichi. Mashine namba mbili ilikata mkanda, vijana wakakaa kivulini wakisema, "Mwiteni Injini." Nikaja, nikaifufua, wakapiga makofi kama wendawazimu.

Vipi wewe, unakula? Unalala vizuri? Mke wako hajasema umepungua mwili? Ukipanda zile ngazi za kiwandani kwenu unahema? Na bega la kulia halikuumi? Nauliza tu. Mtu akishafika miaka hamsini na mbili lazima awepo wa kumuuliza.

Kikohozi changu kimepoa, usihangaike nacho.

Dereva anapiga honi. Naishia hapa.

Kaka yako.


11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema umekuwa bahili wa kupiga simu. Mke wangu hajambo.

Barua yako niliisoma kazini nikiwa nakula, nikaacha kula. Miaka yote hii ya kuandikiana hujawahi kuniuliza ninavyohema. Swali lako kwangu huwa ni moja, timu yangu imefungwa mabao mangapi. Safari hii umeuliza habari za mwili wangu kuanzia tumboni mpaka begani, na bega ukalitaja la upande mmoja. Kuhusu majibu ya Desemba hukuandika hata neno.

Nauliza wazi, nijibu wazi. Majibu yametoka?

Mdogo wako.


19 Februari

Mdogo wangu,

Nilianza kuandika kwamba sote wazima, nikaikunja karatasi nikachukua nyingine. Tafuta mahali ukae.

Majibu yalitoka katikati ya Januari. Hospitali walinipigia, nikaenda napiga mluzi, najua naenda kuambiwa kifua safi. Daktari ni mama mmoja ambaye miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akanikalisha mbele ya skrini akasema, "Mzee, haya ndiyo mapafu yako." Nikayatazama. Nilitaka hata kuyasifu. Akaweka kidole juu, upande wa kulia. Palikuwa na kitu cheupe, ukubwa wa zabibu, chenye vijimiiba pembeni kama zile mbegu zinazonasa kwenye suruali. Akasema, "Hiki sikipendi."

Nilicheka, Rula. Nilicheka kwa sauti. Akadhani nimepata mshtuko, akaniletea maji.

Alieleza mengi na mimi natikisa kichwa kama mjusi. Kwamba huenda si saratani, lakini umbo lake ni la saratani. Kwamba saratani ya mapafu ina makundi mawili makubwa, ya seli ndogo na isiyo ya seli ndogo. Hiyo ya seli ndogo ndiyo yenye mbio, na karibu kila inayempata ni mvutaji. Ni ipi, hawajui mpaka wachome sindano, watoe kinyama, wakitazame kwa darubini. Kisha wanatafuta imefika wapi. Hatua ya kwanza, kitu kimetulia pale kilipoanzia. Ya pili, kimekua au kimegusa tezi za jirani. Ya tatu, kimeingia kwenye tezi za katikati ya kifua. Ya nne, kimesafiri, kipo kwenye mifupa, au ini, au ubongo. "Hiki naona bado hakijaanza safari," akasema, "ndiyo faida ya kupima mapema." Akanipa tarehe ya sindano, na kampuni ingepewa majibu baada ya hapo.

Sikwenda. Wangemchoma nani?

Nilijiambia wamechanganya picha za watu wawili. Halafu nakumbuka kwamba tuliochanganya ni sisi. Kila nikishika kalamu naanza na salamu, salamu zikiisha mkono unakataa.

Nenda hospitali ya huko kwenu, upesi. Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu yangu anashinda nayo shemeji yako na hajui lolote, na yako anaisikia Mama na majirani.

Kaka yako.


28 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Siku hizi ndiye mzima kuliko wote nyumbani.

Barua yako niliisoma nimesimama getini. Nikaingia bafuni, nikavua nguo, nikasimama chini ya bomba. Baada ya muda mke wangu akagonga mlango: "Mbona sisikii maji?" Nilikuwa sijafungua.

Sivuti. Nimewaza neno hilo siku nzima kama mtu anayebishana na askari. Sivuti, sijawahi, wala hapa nyumbani havuti mtu.

Hospitali nimekwenda. Daktari kijana, mpole, akauliza:

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Unatema damu?"

"Hapana."

"Umepungua mwili? Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Sasa baba, umefuata nini hapa?"

Nikasema nataka kipimo cha kifua, ile picha ya kukata vipande vipande. Akanieleza kwa heshima kwamba uchunguzi ule ni wa watu wa umri wangu waliovuta miaka mingi. Asiyevuta hapimwi hovyo, asije akapigwa mionzi na kutiwa hofu bila sababu. Akanipiga eksirei ya kawaida. Ikatoka safi. Alisema huko juu mtulinga na mbavu hupishana na huweza kuficha kitu kidogo, lakini haoni sababu ya kutafuta zaidi.

Basi nikamweleza yote, Desemba na jina lako. Alinitazama kama mtu aliyeingia ofisini kuuza saa ya wizi. Mwisho akasema, "Picha yenye jina la mtu mwingine, umri mwingine, mvutaji, siwezi kumtibia nayo mtu mwingine. Hospitali iliyokupiga iandike kwamba aliyelala pale ni wewe. Wakiandika, njoo hata leo."

Mke wangu anajua. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kaka yako alikuwa na haya tangu Januari?"

Umeona ilipofikia. Ukienda kuichukua picha kimyakimya kama yako, hainisaidii kitu. Lazima uende useme. Najua ni kazi yako naiomba hapo. Naiomba.

Mdogo wako.


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku wote wapo.

Kila lori likipita namngoja dereva getini, na kila mara ananifungulia viganja kunionyesha hana kitu. Juzi nikamuuliza, "Injini mzima?" Akasema, "Mzima kabisa, yuko juu ya mashine anafoka kama kawaida."

Kwa hiyo mkono wa kuandika unao.

Juzi nimekata bando zima la madaftari ya shule nje ya mstari. Mimi. Bosi alikuja, akatazama, akaniwekea mkono begani akaenda zake. Angenigombeza ningejisikia vizuri.

Umesema umebakiza miaka michache ustaafu. Mimi sijui nimebakiza nini.

Mdogo wako.


27 Machi

Rula,

Nimekwenda.

Nilimkuta daktari yule yule. Kabla sijakaa akaanza: "Mzee, sindano umeikimbia, simu zangu hupokei, unajua unacheza na nini?"

Nikamwambia, "Daktari, yale mapafu si yangu."

"Wengi husema hivyo."

"Si yangu kweli. Ni ya mdogo wangu."

Akavua miwani. "Sema tena."

Nikasema tena. Alikaa kitini taratibu kama kiti kina moto. Kisha akaniuliza neno moja moja: "Yaani mtu asiyevuta ndiye mwenye hiki kitu, na wewe unayevuta hujapimwa?"

"Ndiyo."

"Na yeye anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

Hapo nikatazama viatu vyangu. Akaelewa. Kaniita jina ambalo sitaliandika kwenye barua, daktari mzima na kamba yake ya miwani, na nikaona ana haki. Halafu kashika kalamu, kaandikia hospitali yenu kwa mkono wake, kapiga muhuri. Barua yake hii hapa, na diski ya picha nimeitia kwenye soksi mpya isikwaruzike.

Kazini nao wameambiwa, maana kipimo kilikuwa chao. Meneja hakufoka. Alisema, "Injini, shuka kwenye mashine." Nikashuka. Vijana wakazima kelele zao zote, na mashine ikazimwa, na palikuwa kimya pale ambapo sijawahi kusikia kimya.

Kuhusu ukimya wangu, sina la kujitetea. Kazi niliiogopa, ndiyo. Lakini nilikuwa nikiona kama nisiposema, kile kitu kitabaki kwenye skrini ya yule mama, hakitakufikia wewe.

Daktari hakuniacha nitoke. Alisema, "Hatoki mtu humu mpaka kifua chake mwenyewe kipite kwenye mashine." Nikalazwa kwenye mashine hapo hapo. Yangu tutaongea. Wewe kimbia.

Mwambie mke wako namsalimu, kama bado anapokea salamu zangu.

Kaka yako.


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Naandika nikiwa kitandani, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Wenzangu wamenitumia kadi: "Pole Rula, sasa hata wewe umepinda." Mama ameambiwa nimetolewa kidole tumbo, naye hajaacha kuuliza kwa nini bandeji iko mbavuni.

Nakupa habari kwa mpangilio, nikianza kuruka sitamaliza.

Yule daktari kijana alipoweka diski yako kwenye kompyuta, alisimama. Akashika simu. Picha mpya ilionyesha zabibu imeongezeka kidogo. Sindano ikapita mgongoni. Ni saratani, kaka. Neno hilo nilikuwa nimelingoja tangu Februari, na bado lilipotamkwa niliangalia nyuma nione anaambiwa nani.

Aina yake inaitwa adenokasinoma. Si ya seli ndogo. Huanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu, na kwa watu wasiovuta ndiyo inayoonekana zaidi. Kwa nini mimi, hakuna aliyeniambia kwa uhakika. Walitaja moshi wa watu wengine, hewa, vumbi, ukoo, na mengine hayana jina.

Kisha wakatafuta imefika wapi. Picha ya mwili mzima, picha ya ubongo, na mpira wenye kamera kushuka kooni kuchukua vinyama vya tezi. Kuyangoja majibu ya tezi ndiko kulikonizeesha. Tezi safi. Hatua ya kwanza. Wakanipasua wakatoa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kumbe pafu hilo lina sehemu tatu, nimebaki na mbili. Dripu za saratani wamesema sihitaji. Nitarudi kupigwa picha kila baada ya miezi sita.

Daktari wa upasuaji alipita kunitazama akasema, "Watu kama wewe, wasiovuta, wasiokohoa, huwa tunawaona hatua ya nne, kwa sababu hakuna anayewatafuta. Wewe alikutafuta nani?" Nikasema, kaka yangu. Yeye akasema, "Mshukuru."

Nimelala na hilo neno wiki nzima na sijui nilifanyie nini. Ulichoniomba Desemba ni kibaya na kimeniokoa. Kunyamaza kwako Januari na Februari, na tena Machi, kungeweza kuniua. Vyote viwili ni wewe. Mke wangu anasema nisikulazimishe kuwa mmoja kati ya hao, niwaandikie wote wawili. Basi nawaandikia.

Sasa na yako. Uliandika kwamba tutaongea, na tangu hapo umetuma salamu za mdomo tu kwa dereva. Mimi nimekutajia aina na hatua. Picha yako inasema nini?

Mdogo wako.


9 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea shemeji yako yote, hatua ya kwanza nikairudia. Ndivyo alivyopata kujua, maana ilibidi nianzie Desemba. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alitoa nguo zangu zote kabatini akazifua, hata ambazo sijawahi kuvuta sigara nikiwa nimezivaa, kisha akaja akakaa karibu yangu akasema, "Endelea."

Ni seli ndogo.

Iko upande wa kushoto, katikati, imezungukwa na tezi na imeshikana na mishipa mikubwa. Hii haikatwi kwa kisu kama yako. Daktari anasema hatua zake wao huzifupisha ziwe mbili tu: iliyobaki upande mmoja wa kifua, na iliyotoka. Yangu bado iko upande mmoja. Hiyo ndiyo habari njema, ishike vizuri maana sina nyingine. Wataipiga dripu na mionzi kwa pamoja, kuanzia Jumatatu ijayo. Nikamuuliza, "Inapona?" Akasema, "Wachache hupona. Wengi tunawaongezea muda. Nitakupigania uwe miongoni mwa wachache." Namheshimu, hakunipaka sukari.

Utauliza, basi nimekuulizia. Ningelala mwenyewe Desemba, ingeonekana? Akafikiri sana. "Sijui," akasema. "Hii ni ya mbio. Mtu anaweza kupigwa picha safi, na baada ya miezi michache imejaa. Pengine ingeonekana, pengine isingeonekana." Nilimsihi aseme ndiyo au hapana, lolote, nikalale nalo. Alikataa kusema asichokijua.

Nimekaa na hiyo "pengine" tangu Aprili. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwaza uko kitandani umefunguliwa mbavu, ukiichukua na kuihesabu ni yako, kwamba umelala mahali pangu. Usiichukue. Mahali pale nilikupa kwa mkono wangu.

Na hili ulisome ukiwa umekaa, kama lile la Februari. Damu nilianza kuiona kwenye leso mwezi wa Novemba. Ndiyo maana nilikutuma wewe. Kazi ilikuwa kisingizio, ingawa kazi nayo niliipenda. Nilikuwa najua, Rula. Nilitaka mtu mwenye kifua safi aniletee karatasi inayosema sina kitu, niiweke ukutani niiamini. Kikatokea kile kilichotokea, na mbele ya ile skrini nikaona nimekuambukiza kwa kukupa jina langu. Daktari kaniambia hakuna kitu kama hicho. Nimemwambia arudie mara mbili.

Sigara nimeacha. Usishangilie, vijana walishangilia nikakaribia kuwasha moja.

Jana nilikwenda hospitali kujaza karatasi za kulazwa. Muuguzi akauliza nani atakuwa nami siku ya kwanza. Nikasema mke wangu, na mdogo wangu, kama daktari wake atamruhusu kusafiri. Akaomba jina la huyo mdogo wangu. Nikalitaja lote, polepole, mpaka akamaliza kuandika.

Njoo Jumatatu. Wewe uje kama wewe, ukae kwenye kiti. Kitandani nitalala mwenyewe.

Kaka yako.